Jersey ni ya Waviking, ya Wafaransa au ya Waingereza?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Njombe, wawili ni Jersey. Kijana wangu wa kidato cha tatu amesoma kwenye intaneti kwamba Jersey ni jina la kisiwa, kwamba kilikuwa cha Waviking, na kwamba mpaka leo wenyeji humwita mfalme wa Uingereza 'Duke wetu'. Mahali pengine akasoma kuwa kisiwa hicho si sehemu ya Uingereza. Tumebishana jikoni mpaka uji ukaungua. Watu wale ni Waviking, Wafaransa au Waingereza?"

Marahaba, dada. Kijana wako hajasoma uongo, ila amepewa vipande bila mshono. Jibu langu fupi ni kwamba watu wale ni Wanormani. Hilo ni jibu la nne ambalo hamkuliweka mezani, na ndilo linalofungua mengine yote. Jibu refu naomba uniruhusu nilianze kwenye nguo ya huyo huyo kijana.

Akienda kucheza mpira huvaa jezi. Neno hilo limetoka kisiwani huko. Katika karne ya 16 na ya 17 watu wa Jersey walikuwa mafundi wa kufuma soksi na fulana za sufu, wakaziuza Uingereza na Ufaransa, na kazi hiyo ikawanogea kiasi kwamba mwaka 1608 ilibidi itungwe sheria: kila mwenye umri wa zaidi ya miaka 15 aache kufuma wakati wa mavuno na wakati wa kukusanya mwani, la sivyo afungwe. Fulana ikachukua jina la kisiwa, Waingereza wakalisambaza, nasi tukalipokea. Kwa hiyo nyumbani kwako Jersey imeingia mara mbili, kwa mlango wa zizi na kwa begi la michezo.

Sasa kisiwa chenyewe. Jersey iko umbali wa kilomita 22 hivi kutoka pwani ya Normandy, Ufaransa, na zaidi ya kilomita 130 kutoka Uingereza. Ukisimama upande wa mashariki siku ya hewa safi unaiona Ufaransa kwa macho. Ni kisiwa kidogo, kama kilomita za mraba 120, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 103,267. Kaskazini-magharibi yake kuna Guernsey, halafu Sark, Herm na Alderney, pamoja na visiwa vidogo na miamba isiyohesabika. Bahari ya huko ina kitu ambacho mtu wa pwani yetu angekistaajabia. Maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita 12 hivi, na yakipwa kabisa Jersey huonekana kama imeongezeka karibu maradufu: ufuko wa miamba na mchanga unaokwenda mbele, mbele tena, mpaka mashua zimelala ubavu kwenye tope. Shika picha hiyo ya miamba inayojitokeza na kuzama, maana Waviking tutawakuta hapo.

Kabla hawajafika, visiwa vilikuwa na Wakristo waliozungumza lugha iliyotokana na Kilatini. Ushahidi uko kwenye ramani mpaka leo. Jersey ina parokia 12, na karibu zote zinaitwa kwa majina ya watakatifu: St Helier, St Brelade, St Ouen, St Clement na wengineo. Nchi kavu, yaani mashamba na makanisa, imebaki mikononi mwa watakatifu hao.

Kisha wakaja watu wa Kaskazini, ndio hao Waviking, kutoka nchi tunazoziita leo Denmark na Norwei, wakipora pwani na mito ya Ufaransa katika karne ya 9. Mwaka 911 mfalme wa Wafaranki, Charles aliyepewa jina la Mnyofu, alichoka kupigana na kikosi kimoja kilichokuwa kwenye mto Seine. Akafanya mapatano na kiongozi wao, Rollo: chukua nchi hii ya Rouen, batizwa, uilinde dhidi ya wenzako. Nchi hiyo ikaja kuitwa Normandy, nchi ya watu wa Kaskazini. Mwaka 933 mwanawe Rollo, William wa Upanga Mrefu, akaongezewa rasi ya Cotentin na eneo la Avranches, na huo ndio mwaka ambao kwa kawaida visiwa huhesabiwa kuwa viliingia mikononi mwa watawala wa Normandy. Mtawala huyo baadaye aliitwa Duke. Ni cheo kilicho chini ya mfalme lakini chenye nchi yake mwenyewe. Wanyamwezi na Wasukuma wangemwita mtemi, wala wasingekosea sana.

Hapa ndipo naomba mwite kijana akae karibu, na mfungue ramani kubwa ya visiwa hivyo kwenye simu. Aanze na herufi za mwisho. Jersey, Guernsey, Alderney: ile *-ey* ya mwisho, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni neno la Kinorse cha kale, lugha ya Waviking, lenye maana ya kisiwa. Halafu atafute vile vidogo. Atakuta Jethou, Brecqhou, Lihou na Burhou. Atakuta miamba ya Écréhous, kati ya Jersey na Normandy. Ile *-hou* ni *hólmr*, kisiwa kidogo, ambalo vinywa vya Wanormani vimelilainisha. Kuna miamba iliyosimama kama nguzo baharini karibu na Alderney, imejaa ndege wa bahari mpaka imekuwa myeupe, inaitwa Les Étacs. Magharibi ya Jersey kuna mahali panaitwa L'Étacq. Yote mawili yanatokana na *stakkr*, yaani rundo, kama rundo la nyasi kavu shambani. Rasi huitwa *nez*, kutoka *nes*. Matuta ya mchanga yaliyopangwa na upepo huitwa *mielles*, na shina lake ni *melr*. Shakwe anayelia juu ya mashua ni *mauve*, na shina lake ni *már*.

Je, umeona mpangilio? Watakatifu wako bara, Waviking wako majini. Kila kitu ambacho nahodha anahitaji kukijua ili chombo kisivunjike kina jina la Kaskazini: kisiwa kidogo, mwamba, rasi, tuta la mchanga, ndege anayeashiria nchi kavu. Mimi nikisoma ramani hiyo naona watu waliokuwa kwenye chombo, wakionyeshana kwa kidole. Na sisi tunalo jambo la namna hiyo. Tunasema *bandari* na *nahodha*, maneno yaliyotoka Uajemi, na hakuna mtu wa Bagamoyo anayedai kwa sababu hiyo kwamba yeye ni Mwajemi. Maneno ya bahari husafiri na mabaharia na hubaki pale yanapofaa kazi.

Lipo neno moja la ukoo huo nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wewe ni mkulima. Mwani unaotupwa ufukweni huko huitwa *vraic*. Chimbuko lake ni neno la Kaskazini la kitu kilichosukumwa na bahari mpaka pwani, na ndugu yake wa Kifaransa ni *varech*. Katika sheria ya Normandy *varech* ilikuwa mali yoyote iliyotupwa na bahari, ikiwamo mizigo ya merikebu iliyovunjika, na ilikuwa haki ya bwana mwenye pwani ile. Kwa mkulima wa kawaida ilikuwa mbolea. Baada ya dhoruba watu waliteremka ufukweni na farasi na mikokoteni wakati maji yamekupwa, wakikokota mwani kwa reki ndefu, wakishindana na maji yasije yakajaa mkokoteni ukiwa bado kwenye mchanga laini. Mwani ulimwagwa shambani ukafukiwa. Ardhi ya Jersey imelishwa hivyo kwa karne nyingi, na viazi vyake maarufu vimeota humo. Hebu fikiri: jina la baharia Mviking, haki ya bwana Mnormani na samadi ya mkulima, vyote ndani ya silabi moja!

Sasa niseme kwa uwazi jambo ambalo waandishi wengi wa intaneti hawalisemi. Ushahidi wa kufukuliwa ardhini wa makazi ya Waviking katika visiwa hivyo ni haba mno. Ukienda La Hougue Bie, kilima cha kutengenezwa kilicho mashariki mwa Jersey, wengine watakuambia ni kaburi la Mviking. Jina *hougue* ni la Kinorse kweli, kutoka *haugr*, kilima. Lakini kaburi lililomo ndani ni la watu wa zama za mawe, lina umri wa miaka 6,000 hivi, na juu yake Wakristo wa zama za kati walijenga kanisa dogo. Nimewahi kuinama kuingia kwenye ushoroba wake wa mawe. Unatembea umejikunja, bega linagusa jiwe, unafika chumba ambacho kilikuwa kimekwisha kuzeeka maelfu ya miaka kabla Rollo hajazaliwa. Watu wa Kaskazini walikikuta kilima, wakakiita kilima. Hawakuzikwa humo.

Tena, hao waliopewa Normandy hawakukaa Waviking muda mrefu. Walioa wanawake wa huko, wakabatizwa, wakaanza kusema lugha ya mama wa watoto wao. Mwandishi wa kale aitwaye Dudo anasimulia kwamba William wa Upanga Mrefu alimpeleka mwanawe Bayeux akajifunze Kinorse, kwa sababu mjini Rouen lugha ya Kirumi, yaani Kifaransa cha wakati ule, ilikuwa imeshatawala. Hicho ni kizazi cha pili tu baada ya Rollo! Kilichobaki kilikuwa majina. Wazazi waliendelea kuwapa watoto majina ya babu zao, na mengine yakawa majina ya koo. Ukoo wa Anquetil upo Jersey mpaka leo, na jina hilo ni *Ásketill*, lenye maana ya chungu cha miungu. Mwenye jina hilo anaenda kanisani kila Jumapili.

Kwa hiyo waliovitawala visiwa na kuvipa sheria na lugha walikuwa Wanormani, watu wenye mabaharia wa Kaskazini katika nasaba yao na Kifaransa cha aina yao kinywani. Mwaka 1066 Duke wao, William, akavuka bahari akaitwaa Uingereza. Hapa ndipo watu wa Jersey huinua vichwa. Wao walikuwa tayari chini ya Duke kabla Waingereza hawajamwona. Kwa hesabu yao, Uingereza ndiyo iliyoongezwa kwao.

Miaka 138 baadaye ukaja mtihani, na mwaka huu kijana wako aukariri: 1204. Mfalme John wa Uingereza, ambaye alikuwa pia Duke wa Normandy, alishindwa vita na Philip wa Pili wa Ufaransa. Ngome zikaanguka moja baada ya nyingine, na mwezi Juni mji wa Rouen ukasalimu amri. Aliyeukabidhi alikuwa Pierre de Préaux, na huyo huyo ndiye John aliyekuwa amempa visiwa avitawale. Basi unaweza kuona jinsi jambo lilivyokuwa kwenye ncha ya wembe. Normandy yote ya bara ikawa ya Ufaransa. Visiwa havikwenda nayo.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni bahari yenyewe. John alikuwa bado na nchi kusini-magharibi mwa Ufaransa, na merikebu za kwenda na kurudi Bordeaux zilihitaji vituo salama njiani. Visiwa vilikuwa vituo hivyo. Sababu ya pili ni mashamba. Mabwana wengi wa Kinormani walikuwa na ardhi bara na visiwani kwa pamoja, kama mtu mwenye shamba Njombe na jingine Mbeya. Sasa mpaka ukapita katikati ya mali zao na ikabidi mtu achague mfalme mmoja. Aliyemchagua Philip alinyang'anywa ardhi ya visiwani. Waliobaki walikuwa wale walioweka dau lao kwa John, nao walikuwa na kila sababu ya kulinda dau hilo. Juu ya mwamba wa Gorey, mashariki mwa Jersey, ikajengwa ngome ya Mont Orgueil, uso wake ukiielekea Ufaransa, nchi ambayo juzi tu ilikuwa nyumbani kwa binamu zao.

Mimi naamini sababu ya tatu ndiyo iliyofanya mambo yadumu. Wafalme wa Uingereza hawakuwageuza watu wale kuwa Waingereza. Waliwaachia sheria yao ya Kinormani, mahakama zao na desturi zao, maana mtu anayeishi kilomita 22 kutoka kwa adui yako humlazimishi, unambembeleza. Mwaka 1341 Edward wa Tatu alithibitisha haki hizo kwa hati, na wafalme waliofuata wakazirudia. Hata kanisa lilibaki chini ya askofu wa Coutances, mji wa Normandy, mpaka 1569. Fikiria hilo: zaidi ya miaka 350 wanamtii mfalme mmoja na askofu aliyeko nchi ya mfalme mwingine.

Sasa lile la Duke. Mwaka 1259, kwa mkataba wa Paris, mfalme Henry wa Tatu alikiacha rasmi cheo cha Duke wa Normandy. Kwa hiyo kisheria hakuna Duke. Lakini katika karamu za Jersey watu husimama, wakainua bilauri na kusema, "Mfalme, Duke wetu." Kwa lugha yao wenyewe ni *Lé Rouai, nouotre Duc*. Wenyewe wanajua vizuri historia ya mkataba ule. Wanachosema ni kwamba utii wao haukupitia London. Ulianza na Duke, na Duke huyo baadaye akapata ufalme. Msimamo huo ndio unaoeleza hali yao ya leo: Jersey na Guernsey ni milki za Taji, yaani za mfalme mwenyewe, wala si sehemu ya Muungano wa Uingereza. Zina mabaraza yao ya kutunga sheria, kodi zao na noti zao, na Uingereza hushughulikia ulinzi na mambo ya nje. Mambo ya benki na makampuni, ambayo ndiyo yanayowafanya wengi walisikie jina la Jersey kwenye habari, yamejengwa juu ya uhuru huo wa kujipangia kodi.

Lakini mambo ya fedha ni ya jana. Ukitaka kumwona Mnormani akiwa hai, nenda mahakamani. Sheria ya ardhi ya visiwa hivyo mizizi yake ni desturi za Normandy zilizoandikwa katika karne ya 13. Jersey ina wazee wa baraza 12, waitwao Jurats, wanaokaa na Bailiff, mkuu wa mahakama. Hadi mwaka 2006 mikataba ya kuuziana nyumba na ardhi iliandikwa kwa Kifaransa. Hata sasa muuzaji na mnunuzi au mawakili wao husimama mbele ya Mahakama ya Kifalme siku ya Ijumaa, wakala kiapo kwamba mkataba ni wa kweli. Parokia zimegawanywa katika sehemu ziitwazo *vingtaine*, neno linalotokana na ishirini, na kila moja ina *vingtenier* anayechaguliwa na wananchi kusaidia ulinzi wa raia. Wewe uliyekulia enzi za mabalozi wa nyumba kumi hilo huhitaji kuelezwa zaidi.

Na sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote. Linaitwa *Clameur de Haro*, yaani yowe la haro. Tuseme jirani analeta mafundi na kuanza kubomoa ukuta wako wa mpaka. Huna muda wa kutafuta wakili. Unatoka na mashahidi wawili, unakwenda pale pale penye ukuta, mbele ya anayekudhulumu. Unavua kofia, unapiga magoti chini na kupaza sauti kwa Kifaransa: "Haro! Haro! Haro! Nisaidie, mtawala wangu, nadhulumiwa!" Huko Guernsey unaongeza sala ya Baba Yetu kwa Kifaransa, kisha ndani ya saa 24 unaandikisha yowe lako kwa karani wa mahakama. Tangu magoti yako yalipogusa ardhi, kazi lazima isimame. Nyundo ziwekwe chini. Mahakama ndiyo itakayoamua nani mwenye haki, na ikiona ulipiga yowe bila sababu utatozwa faini. Ni kwa ajili ya ardhi na nyumba tu, wala huwezi kulipiga kwa deni la duka.

Hili si igizo la watalii. Mwaka 2018 lilipigwa Guernsey kupinga kazi iliyokuwa ikifanyika barabarani, ingawa halikufua dafu. Wengi husema "haro" ni "Ha, Rollo!", yaani mnyonge anamwita Duke wa kwanza kutoka kaburini amtetee. Hadithi ni tamu, ila wanaisimu wengi huliona ni yowe la kale la Kijerumani la kuomba msaada. Hata hivyo wazo la kwamba mnyonge anaweza kumsimamisha mwenye nguvu kwa sauti yake lina kumbukumbu ya zamani sana katika Normandy. Mwaka 1087, William Mshindi, yule yule Duke wa 1066, alipokuwa anazikwa mjini Caen, mtu mmoja aitwaye Ascelin alisimama mbele ya maaskofu na mabwana, akasema ardhi ile ilinyang'anywa baba yake na akakataza maiti isifukiwe humo. Maziko yakasimama. Alilipwa kwanza, ndipo mfalme akazikwa. Simulizi za baadaye zikaliita hilo yowe la haro.

Sark nitaipitia upesi. Mwaka 1565 Elizabeth wa Kwanza alimkabidhi Helier de Carteret wa Jersey kisiwa hicho, kwa sharti akae na watu 40 wenye silaha. Mashamba yakagawanywa 40, na utawala wa bwana mwenye kisiwa ukaendelea mpaka 2008, walipofanya uchaguzi wao wa kwanza wa wote. Magari hayaruhusiwi. Watu wanatumia baiskeli, trekta na mikokoteni ya farasi.

Lugha inanihuzunisha zaidi. Wajersey wana lugha yao, Jèrriais, Guernsey wana Guernésiais, Sark wana Sercquiais. Zote ni Kinormani. Lugha ya Alderney, Auregnais, imekwisha kufa. Kinormani si Kifaransa cha Paris kilichoharibika. Ni ndugu yake wa tumbo moja. Mfano uko zizini kwako: ng'ombe kwa Kifaransa ni *vache*, kwa Jèrriais ni *vaque*, maana Wanormani walibaki na "k" ya Kilatini. Paka ni *cat*, na bustani ni *gardîn*. Kijana wako anayesoma Kiingereza atashtuka kuyaona hayo mawili ya mwisho, kwa sababu *garden* Waingereza waliisikia kutoka kwa hao hao Wanormani, ingawa *cat* walikuwa nayo tangu kabla. Mshairi Wace, aliyezaliwa Jersey mwanzoni mwa karne ya 12, alitunga historia ya watawala wa Normandy kwa mashairi ya lugha ya watu wake, tena miaka 200 na zaidi kabla ya Chaucer, mshairi mkubwa wa Uingereza, kutunga yake kwa Kiingereza.

Kilichoivunja lugha ni biashara na Waingereza, shule za Kiingereza, na vita. Juni 1940, Wajerumani wakiwa njiani, watoto wengi walipakiwa kwenye meli kwenda Uingereza. Guernsey ilibaki na wanafunzi wachache, na Alderney ilihamwa karibu yote. Miaka mitano mtoto wa miaka sita amekaa Lancashire bila bibi wa kumsimulia hadithi. Aliporudi baada ya ukombozi wa Mei 1945, bibi alikuwa akimwita kwa lugha asiyoijua tena. Sensa ya 2001 ilikuta watu 2,874 tu wanaosema Jèrriais, wengi wao wazee. Mwaka 2019 Baraza la Jersey liliifanya kuwa moja ya lugha rasmi, na inafundishwa mashuleni. Nawaombea wafanikiwe. Walichelewa.

Kijana akikuuliza kama Ufaransa iliwahi kudai kitu, mwambie ndiyo. Ilidai miamba ya Écréhous na Minquiers, na kesi ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Mawakili wa pande zote mbili walileta hati za ma-Duke na mambo ya 1204. Tarehe 17 Novemba 1953 majaji wote kwa kauli moja waliipa Uingereza ushindi. Uamuzi haukuegemea mabishano ya zama za kati. Walitazama nani hasa amekuwa akitawala pale: Jersey ilikuwa imetoza kodi za parokia kwa vibanda vya wavuvi, na maiti zikiokotwa kwenye miamba hiyo uchunguzi ulifanywa na maofisa wake.

Nirudi kwako, kwa hao wawili wa zizini. Kwa kuwa visiwa vilikuwa mali ya Taji, bidhaa zake ziliingia Uingereza bila ushuru. Wajanja wakaona mwanya. Ng'ombe wa Ufaransa waliletwa Jersey kwa mashua, wakapandishwa meli nyingine na kuuzwa Uingereza kama ng'ombe wa kisiwa. Wafugaji wa Jersey wakalalamika. Baraza lao lilipiga marufuku mwaka 1763, na mwaka 1789 likakaza kamba: mashua iliyoleta ng'ombe wa nje itaifishwe, ng'ombe achinjwe na nyama wapewe maskini. Sheria hiyo haikutoka London. Waliitunga wenyewe, kwa mamlaka yale yale waliyobaki nayo tangu 1204. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuingia dume wala mtamba kutoka nje, na mbegu yao ikabaki peke yake: mwili mdogo, macho makubwa meusi, rangi ya kahawia kama ya paa, maziwa yenye mafuta mengi. Ndiyo maana unaweza kumtambua Jersey wako kwa mbali, hata akichanganyika na wa jirani malishoni.